Posti 31, Sawa

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatano, nilipoulizwa jeshi langu liko wapi. Naikumbuka dakika hiyo kwa sababu nilikuwa nimeshika saa mkononi nikihesabu mapigo ya mashine ya seng'enge: arobaini na nane kwa dakika, kama yanavyotakiwa. Nilikuwa na kalamu sikioni na daftari gotini. Jeshi sikuwa nalo.

Ninyi mnaofunga seng'enge za umeme siku hizi mna mashine za jua, na vipimo vinavyoandika namba kwenye kioo. Wengi wenu mmeniuliza kwa nini nawasumbua mfike kwa miguu kwenye kila nguzo, hata pale kipimo kinaposema laini ni nzima. Jibu ni refu, na sehemu yake mpaka leo siielewi. Nitaeleza ile ninayoielewa.

Shamba lilikuwa nje kidogo ya Kampala, barabara ya Gayaza, ukishapita Kalerwe. Ng'ombe wa maziwa sitini na wawili, weusi kwa weupe, na seng'enge ya waya mmoja wa umeme iliyozunguka malisho yote. Mwenye shamba wa kwanza, Mhindi aliyeleta mashine ile, alifukuzwa nchini pamoja na wenzake akaondoka na masanduku mawili. Shamba akapewa kapteni mmoja wa jeshi. Kapteni nilimwona mara mbili tu. Mara ya kwanza aliuliza ng'ombe wa umeme ni wapi. Nilimweleza kwamba umeme uko kwenye waya, ng'ombe ni wa kawaida. Alinitazama kama mtu anayefichwa kitu, akapakia ndama wawili nyuma ya gari, akaenda. Mara ya pili hakuuliza neno, alipakia tu.

Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya. Miaka ile ya sabini, chini ya wanajeshi, kuwa Mkenya Kampala kulihitaji sauti ya chini na karatasi zilizokunjwa vizuri mfukoni. Nilikuwa navyo vyote viwili. Kilichoniponza ni daftari.

Kazi nilifundishwa na Mzee Wesonga, mtu wa kwetu, ambaye zamani alikuwa mpiga simu katika jeshi la Mwingereza. Seng'enge aliiendesha kama alivyoendesha simu za vitani, na maneno yake yalikuwa yale yale. Nguzo ya seng'enge aliiita posti. Majani yanayorefuka hadi kugusa waya na kunyonya umeme aliyaita adui. Kuyafyeka ilikuwa kusafisha adui. Alinifundisha kupima waya kwa jani refu bichi: unashika jani kwa mbali, unaligusisha kwenye waya, kisha unasogeza vidole taratibu kuelekea waya mpaka pigo lianze kukutekenya. Likikutekenya mkono ukiwa mbali, laini ina nguvu. Ukifika karibu kabisa bila kusikia kitu, kuna mahali umeme unavuja. Kipimo hicho hakihitaji betri.

"Na uandike," aliniambia. "Saa, posti, ulichokuta. Kichwa ni mwongo, Barasa. Kitabu hakidanganyi."

Hapo alikosea. Kitabu hudanganya sawasawa na mwandishi wake, kama mtakavyoona.

Neno jingine la ajabu nililipata mwenyewe. Mashine ilikuja na kijitabu cha Kiingereza, kurasa kumi na mbili, tatu zimeliwa na panya. Sikusoma zaidi ya darasa la sita, kwa hiyo nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, miezi minne. Neno moja lilirudi kila ukurasa, na kamusi ilisema maana yake ni dunia. Nikajifunza basi kwamba umeme hutoka kwenye mashine, hupita kwenye waya, humpiga ng'ombe, kisha hurudi kwa njia ya dunia. Nilidhani mwandishi alikuwa mcha Mungu. Wesonga alicheka hadi akakaa chini, kisha akanipeleka nyuma ya banda na kunionyesha vyuma vitatu vilivyopigiliwa ardhini, vimeunganishwa na mashine kwa waya.

"Dunia ndiyo hii, bwana. Ikikauka, mashine inapiga bure. Imwagie maji."

Kiangazi kilipoingia nikawa namwaga ndoo mbili pale kila jioni. Na kwa kuwa nilikwisha kulizoea neno, niliendelea kuliandika hivyo hivyo. Wesonga alipozeeka akarudi Busia, akaniachia mashine, koleo na lugha yake.

Sasa turudi Jumatano. Aliyeuliza jeshi langu liko wapi alikuwa Sajini, mkubwa wa kizuizi cha barabarani kilichokuwa kwenye kona ya shamba letu. Alivaa miwani ya kusomea yenye kioo kimoja. Kile cha pili kilikuwa kimepotea, akawa anafumba jicho la upande huo. Alilichukua daftari gotini mwangu, akakaa juu ya kopo kubwa la maziwa, akasoma kwa kufuatisha kidole.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, afande. Daftari la kazi."

"'Posti kumi na nne imeanguka.' Posti ya nani iliangushwa?"

"Ya ng'ombe, afande."

"Ng'ombe nakaa posti?"

"Anakaa ndani, afande. Posti inamzuia asitoke."

Alifungua ukurasa mwingine. "'Adui amegusa laini kutoka kusini.' Kusini wapi? Tanzania?"

"Kusini mwa kisima, afande. Ni majani."

"Majani."

"Yamerefuka."

"'Kesho tunasafisha adui wote hadi barabarani.' Barabarani ni kwangu mimi." Akageuza tena. "'Dunia imekauka. Nimeagiza maji.'" Alivua miwani. "Hii mimi sielewi kabisa."

"Hata mimi mwanzoni sikuielewa, afande."

Sikusema hivyo kwa mzaha, lakini nilimwona anapima kama ni mzaha. Ndipo akaeleza kilichomleta. Kila asubuhi saa moja mkubwa wake aliongea kwenye redio ya jeshi na kutoa maagizo ya siku. Kwa wiki tatu maagizo hayo yalikuwa yakizamishwa na mlio: tik, tik, tik. Ikifika saa tatu unapotea.

"Jana mkubwa nasema namba ya gari ya kusimamisha. Mimi sikusikia namba. Mimi nasikia tik. Gari imepita. Sasa mkubwa nauliza gari iko wapi."

Wakati huo huo mashine ukutani ikapiga: tik. Ikapumzika, ikapiga tena. Sajini aliinua uso. Akahesabu midomo ikicheza.

"Hii natuma habari kwa nani?" aliuliza kwa upole.

Nilimweleza yote: betri, pigo, ng'ombe, ngozi. Maelezo yangu yalikuwa sahihi na hayakusaidia kitu. Aliweka daftari ndani ya shati.

"Kesho, saa kama hii. Nikisikia tena hiyo kitu, wewe na kitabu yako mnakwenda kueleza dunia iliyokauka kwa wakubwa."

Miaka ile watu wengi walipelekwa kueleza mambo. Sikumjua hata mmoja aliyerudi kutusimulia alivyoeleza.

Mchungaji wetu wa ng'ombe alikuwa Muganda, baba wa mapacha, na kwa heshima ya mapacha hao kila mtu alimwita Ssalongo. Yeye aliniita Balasa, kwa kuwa ulimi wake uliiweka herufi r pale ulipopenda wenyewe.

"Zima mashine, Balasa. Kesho asikie kimya. Ng'ombe tutashika kwa fimbo."

"Nikizima na mlio ukikoma, nimekiri kwamba ni mimi niliyekuwa natuma."

Alifikiri. "Basi usizime."

"Nisipozima, mlio utaendelea."

"Hii ni hatali," alisema Ssalongo. "Kwa nini uliandika? Mimi siandiki kitu. Hakuna mtu anasoma mimi."

Njia ilikuwa moja: mashine ipige kama kawaida, na redio ya Sajini inyamaze. Seng'enge nzima ya umeme haisumbui redio iliyo mbali, hilo lilikuwa kwenye kijitabu. Inayosumbua ni ile ambayo umeme wake unaruka cheche mahali fulani, kila pigo. Nilihitaji kuipata cheche ile kabla ya kesho asubuhi. Lakini jua lilikuwa limeshapanda na umande umekauka. Nilizunguka malisho na jani langu. Kila nilipopima, laini ilikuwa na nguvu. Nilirudi nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka. Kuna ugonjwa mgumu kama ule unaomtoka mgonjwa kila anapofika kwa daktari?

Ssalongo alikuwa na redio ndogo ya betri. Redio ukiitafutia mahali pasipo na stesheni, ukapita nayo kando ya seng'enge, utasikia mapigo hafifu. Ukikaribia cheche yanakuwa makali kama kuni zinazopasuka. Hiyo ndiyo njia bora ninayoijua hadi leo. Tatizo lilikuwa kwamba mtu anayeshukiwa kutuma habari hawezi kutembea na redio mbele ya kizuizi cha jeshi. Tukaificha ndani ya kopo la maziwa. Ssalongo akalibeba, mimi nikafuata na kipande cha mfuko wa unga cha kuandikia. Posti ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Hadi posti ya ishirini, kimya kabisa, na mimi naandika "sawa" kwa moyo mwepesi.

"Balasa," alisema Ssalongo, "hii redio imekufa?"

Aliitoa koponi ili atazame betri, na papo hapo ikaanza kutika. Akairudisha, ikanyamaza. Akaitoa, ikatika. Tulirudia mara nne kama watoto. Kopo la bati lilikuwa linazuia mawimbi. Nilikuwa nimeandika sawa ishirini juu ya redio isiyosikia kitu.

Tulianza upya. Redio ikaingia kwenye kikapu chini ya majani ya muhogo. Na kwa kuwa umande haukuwepo, nikaamua kuutengeneza. Nilijaza maji matupu kwenye pampu ya mgongoni, ile ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, nikawa nalowesha posti moja baada ya nyingine kuanzia juu hadi chini. Kwa anayetazama kutoka barabarani, mtu alikuwa anaua kupe kwenye miti. Ni upuuzi, lakini haukuwa upuuzi wa kijeshi.

Tulilowesha tukaenda, tukalowesha tukaenda. Ilipofika posti ya ishirini na nane nilisimama. Lazima sasa niwaambie kitu ambacho sikumwambia Sajini.

Posti ya 31 hadi ya 34 ndizo zilizopakana na kizuizi. Wanajeshi walikaa pale, na mara nyingine walikuwa wamelewa kabla ya saa nne. Mimi Mkenya sikupenda kupita mbele yao. Kwa wiki tatu nilikuwa nafika posti ya 28, napima kwa jani, nageuka. Kisha naandika: "Posti 31, sawa. Posti 32, sawa." Hati safi, saa imetajwa. Daftari lililokuwa ndani ya shati la Sajini lilikuwa na maneno mengi ya kutisha, na yote yalikuwa kweli tupu. Uongo ulikuwa ni yale maneno matulivu tu.

"Twende," alisema Ssalongo. "Ama tuludi?"

Tukaenda. Nililowesha posti ya 31, na kikapu kikalia kama mahindi ya kukaanga.

Waya wa umeme hushikiliwa kwenye posti na kikombe cha kaure ili usiguse mti. Kikombe cha posti ya 31 kilikuwa kimepasuka, kwa sababu mtu alikuwa amekizungushia waya wa pili na kuukaza kwa nguvu. Waya ule wa pili ulifuata posti zetu, chini ya waya wa umeme, hadi ya 34, ukakata kona na kuingia dirishani mwa kibanda cha kizuizi. Ilikuwa antena ya redio ya jeshi. Kila asubuhi umande ulipolowesha ule ufa, cheche iliruka kutoka laini yangu hadi antena yao. Jua likitoka, ufa unakauka, adui anapotea.

Bado sijamaliza. Ncha ya waya ule, pale ulipofungwa, ilikuwa nyekundu. Kila waya niliopokea shambani niliuchovya ncha kwenye rangi nyekundu ili nijue ni wetu. Mwezi mmoja kabla, mita arobaini zilikuwa zimepotea kwenye zizi la ndama. Nilikuwa nimemuuliza Ssalongo juu yake, na sikumuuliza vizuri.

Naye aliiona ile ncha. "Balasa. Ire ni waya uliyosema mimi nimeuza Kalerwe?"

"Ndiyo ile."

"Sawa," alisema, akatazama pembeni. Baadaye nilimwomba radhi. Pale nilishindwa, maana Sajini alikuwa ametoka kibandani na anakuja.

Jaribuni kufikiri kama nilivyofikiri mimi katika hatua zake kumi. Nikimwambia mlio unatoka kwenye antena yake, nimemwambia kwamba gari lilipita kwa kosa lake. Nikimwambia waya ni wetu, nimemwita mwizi. Nisipomwambia kitu, kesho naondoka na daftari.

"Umepata mtu anatuma?" aliuliza.

"Afande, nimeangalia antena yenu. Ni chuma. Chuma kina kutu, kinapokea kila takataka ya hewani." Hilo ni kweli kidogo tu. "Mkubwa kama wewe anatakiwa antena ya shaba. Na isielekee upande huu wa ng'ombe. Ivuke barabara, ifungwe kwenye ule mvule."

Alitazama antena. Akatazama kikombe kilichopasuka, kisha ncha nyekundu, kisha pampu yangu.

"Hiyo ni dawa gani?"

"Maji, afande."

"Unanyunyiza maji kwa miti."

"Ndiyo, afande."

Sura yake sikuweza kuisoma. Ningekuwa mwongo tena nikisema niliona hasira, au kicheko. Alifumba lile jicho lisilo na kioo, ingawa wakati huo hakuwa anasoma kitu.

"Shaba iko wapi?"

"Nitaleta leo."

"Leta."

Nilipanda baiskeli hadi Kikuubo, katikati ya Kampala. Miaka ile madukani hapakuwa na kitu, lakini vichochoroni palikuwa na kila kitu kwa bei ya mwenye nacho. Nilipata mita ishirini na tano za waya wa shaba uliofumuliwa kutoka kwenye mota ya zamani. Mshahara wangu wa mwezi ulikuwa shilingi mia mbili na arobaini. Nusu yake ilibaki pale.

Kabla jua halijatua nilikuwa nimeifunga antena kwenye mvule, ikikatiza seng'enge kama msalaba. Hili mlishike: waya wowote wa redio au simu msiufuatishe na seng'enge, hata ukiwa mbali nayo, ukatizeni. Waya wa zamani niliufungua mwenyewe na kuuacha umekunjwa mlangoni mwa kibanda. Sikuthubutu kuondoka nao. Nikabadilisha kikombe.

Alhamisi, saa moja na dakika ishirini, nilisimama chini ya dirisha la kibanda. Umande ulikuwa mzito. Kutoka bandani kwetu mashine ilikuwa inapiga. Mwenyewe nilikuwa nimehesabu, arobaini na nane. Ndani ya redio sauti ya mtu ilisoma maagizo: namba za magari, neno kwa neno, wazi kabisa. Sajini aliandika. Niliona kalamu yake inakwenda, na kwa mara ya kwanza nikawaza ni nani walio ndani ya magari hayo, na kama lile gari lililopita kwa sababu ya mlio lilikuwa limefika lilikokuwa linakwenda. Nilikuwa nimeokoa ngozi yangu kwa kumsaidia mtu yule asikie vizuri. Wazo hilo sijawahi kujua pa kuliweka.

Alitoka, akanipa daftari. "Kitabu nakupa bure," alisema.

Baada ya hapo nilibadilisha maneno yote. Posti ikawa nguzo. Adui akawa majani. Dunia ikawa ardhi, na ilipokauka niliandika tu kwamba nimemwaga ndoo mbili. Mahali ambapo sikufika niliandika: sikufika. Nawaomba na ninyi muandike hivyo. Neno hilo halitawafukuzisha kazi, na kama litawafukuzisha, heri hivyo.

Jumamosi Sajini alikuja bandani akiwa amevaa nguo za nyumbani, na mzigo wa waya begani.

"Fundi. Mimi niko na waya mzuri ya seng'enge. Unanunua?"

Nilikunjua nikapima kwa hatua. Mita thelathini na tisa na kitu. Ssalongo aliacha kukamua. Nilitafuta ncha yangu, nikaikuta imekatwa kwa koleo, safi, mkato mpya unang'aa. Mtu asiyejua rangi ile ilikuwa na maana gani angeikata kwa nini? Na kama alijua, alijua tangu lini: tangu pale kwenye posti, au tangu usiku ule waya ulipotoka zizini? Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama ng'ombe.

"Bei gani, afande?"

"Sabini. Kwako."

Nililipa. Waya ule ule niliurudisha kwenye zizi la ndama siku hiyo hiyo, nikachovya ncha kwenye rangi upya. Shaba mia moja na ishirini, waya wangu mwenyewe sabini. Nilichopoteza kwa kuandika "sawa" mahali nisipofika ni shilingi mia moja na tisini.